Fundi Pindo Amvika Mwanawe

Kwenye mtaa wa maduka madogo, katikati ya kinyozi na muuza vyombo, palikuwa na fundi wa nguo. Wateja walimwita Fundi Pindo. Walisema nguo aliyoishona yeye huchakaa yote, pindo likabaki palepale. Fundi hakulikataa jina hilo. Alipenda kusifiwa, na hakuona sababu ya kuficha.

Kila asubuhi cherehani yake ilikuwa ya kwanza kuamka. Kinyozi akija kufungua mlango, humkuta tayari kainama juu ya kitambaa, utepe wa kupimia shingoni, mguu ukikanyaga taratibu.

"Fundi, huwa unalala kweli?" kinyozi huuliza.

"Nalala cherehani inapolala," Fundi hujibu. "Nayo haina usingizi."

Nyuma ya duka, ukipita pazia, ndiko ilikokuwa nyumba yake. Huko mkewe, aliyekuwa msusi, alisuka wateja wake sebuleni. Alipokuwa mjamzito alisuka mpaka tumbo likawa kubwa, miguu ikamvimba, ndipo akapumzika.

Siku hizo za mapumziko Fundi alishikwa na wazimu wa furaha. Alisema mtoto wa fundi havai nguo ya dukani. Akatoa kitambaa kizuri kilichobaki kwenye suti ya bwana harusi mmoja. Akashona suti ndogo, ndogo kama ya mwanasesere. Ilikuwa na kola ngumu, mifuko miwili, na vifungo vinavyong'aa kuanzia shingoni hadi tumboni. Akashona na kofia. Akashona soksi za kitambaa, tena kwa ule uzi wake imara ambao wateja waliusifu.

Mkewe aliinua suti ile, akaigeuza huku na huku.

"Baba, huyu mtoto anakuja kunyonya au kuoa?"

"Anakuja kuonekana," alijibu Fundi, akacheka.

Suti ikawekwa kwenye sanduku pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo watoboao nguo, isubiri mwenyewe.

Mwenyewe akazaliwa salama. Alikuwa mvulana mwenye sauti kubwa. Wazazi walikuwa bado wanabishana kuhusu jina, kwa hiyo wakamwita Bosi. Jina lilimfaa. Akilia, kila mtu alisimama. Akilala, kila mtu alinong'ona.

Dada yake Fundi alikuja kusaidia. Alikuwa mchapakazi na moyo wake ulikuwa mweupe, ila alikuwa na adui mmoja duniani: baridi. Asubuhi alimvalisha Bosi fulana, juu yake shati, juu yake sweta. Halafu akamkunja ndani ya blanketi. Nguo alizifua kwa sabuni ya unga yenye manukato makali, kisha akazisuuza haraka haraka.

"Usizisuuze sana, manukato yatakwisha," alimwambia wifi yake. "Mtoto lazima anukie."

"Lakini wifi, mbona shingoni ana vipele?"

"Vipele ni kawaida. Watoto wote wanapita humo."

Siku moja Fundi alifungua sanduku. Majirani walikuwa wamesema watakuja kumwona mtoto. Bosi akavalishwa suti, soksi na kofia. Wageni wakaja. Walikuja kumwona mtoto, wakaishia kuiona suti. Walishika vifungo, wakapapasa kola, wakampa Fundi mkono.

"Huyu ni meneja kabisa!" alisema kinyozi.

Fundi alirudi kwenye cherehani kichwa kimevimba kwa sifa.

Mchana, wageni walipokwisha kuondoka, Bosi akaanza kulia. Mama yake akampa titi. Alilikataa. Akaangalia nepi. Ilikuwa kavu. Akamtembeza, akamwimbia, akampapasa mgongo. Kilio hakikupungua. Kilizidi kuwa kikali.

"Ni tumbo," alisema shangazi. "Au baridi. Nipe blanketi."

"Wifi, kilio cha njaa nakijua," alisema mama Bosi. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Cha usingizi nakijua. Hiki sikijui."

Kule dukani Fundi alikuwa anasikia. Alijaribu kuendelea na kazi. Alipoinua kitambaa, akaona mshono umekwenda upande kama njia ya mlevi. Fundi Pindo, ameshona upande! Akaacha kila kitu, akatoka mbio kwenda nyumba ya tatu.

Hapo aliishi muuguzi wa zahanati. Mtaa mzima ulimwita Mama Chanjo, kwa sababu hapakuwa na mtoto mtaani ambaye hakuchomwa sindano naye. Alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu.

"Shikamoo mama. Mtoto analia, hanyamazi."

"Marahaba. Ana homa? Ametapika?"

"Hapana. Analia tu."

"Hakuna mtoto anayelia tu, Fundi. Twende."

Alipofika alinawa mikono kwa sabuni. Akamtazama Bosi, aliyekuwa mwekundu machoni na jasho likimtiririka usoni.

"Mvueni," alisema.

"Kofia?" aliuliza shangazi.

"Nguo zote. Mpaka soksi."

"Atapata baridi, mama!"

"Funga dirisha, mwanangu. Mtoto mchanga hawezi kukuambia anaumwa wapi. Kazi ya kutafuta ni yetu. Na huwezi kutafuta kitu juu ya blanketi."

Kumvua hakukuwa rahisi. Vifungo vilikuwa vingi na vidogo. Mama Bosi alikuwa na haraka, vifungo vikamteleza. Kola ilikuwa imegandamana na shingo. Ilipoachia, chini yake palikuwa pamejaa vipele, ngozi imechubuka. Fundi alitazama pembeni.

Mama Chanjo akaendelea kutafuta. Alikagua masikio, makwapa, mapaja. Alifungua vidole vya mikono kimoja kimoja. Kisha akavuta soksi ya kulia. Mguu ulikuwa mzima. Akavuta ya kushoto.

Mama Bosi akapiga ukelele.

Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu, karibu zambarau. Shina lake lilikuwa limebanwa na kitu chembamba. Mama Chanjo akauinua mguu kwenye mwanga.

"Ni uzi," alisema. "Ulikuwa unaning'inia ndani ya soksi. Kila alipopiga teke, ukazunguka. Ukazunguka tena. Sasa unazuia damu."

Fundi alisogea. Uzi ule aliujua. Angeujua hata gizani. Ulikuwa uzi wake imara, ule usiokatika.

Hakuweza kuondoa macho kwenye kidole.

"Fundi, nitazame mimi," alisema Mama Chanjo kwa sauti ya utulivu. "Uzi bado uko juu ya ngozi, tunauona. Ungekuwa umezama ndani, tusingeugusa, tungekimbilia hospitali. Sasa niletee mkasi wako mwembamba kuliko yote."

Alileta mkasi mdogo wa ncha kali, wa kukatia nyuzi. Mama Chanjo akausafisha kwa spiriti. Akaushika mguu wa Bosi imara kwa mikono miwili.

"Kata," alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Kazi ya uzi unaijua kuliko mimi. Mimi namzuia asitikisike. Ingiza ncha chini ya uzi, uinue kwanza, ndipo ukate."

Mikono ya Fundi ilikuwa imekata vitambaa vya kila namna. Ilikata hariri ya maharusi bila kusita. Sasa ilisita. Akavuta pumzi. Akajiambia huu ni mshono tu, na mishono nimefumua mingi. Akaingiza ncha taratibu. Akauinua uzi. Ukakatika.

"Bado," alisema Mama Chanjo, akiinama zaidi. "Kuna mzunguko mwingine chini yake. Unauona?"

"Nauona."

Akakata tena. Mama Chanjo akauvuta uzi wote kwa vidole, pole pole, mpaka mwisho. Kilio cha Bosi kikashuka kikawa kwikwi. Mama yake akamnyakua, akamweka kifuani. Safari hii alinyonya.

"Asante Mungu," alisema shangazi, akakaa chini kwa kishindo.

"Hatujamaliza," alisema Mama Chanjo. "Kipande kidogo kikibaki kinaweza kuendelea kubana, na sisi tukadhani amepona. Twendeni zahanati, daktari aangalie kwa taa."

Wakaenda wote. Bosi alikwenda akiwa amezungushiwa shuka jepesi la pamba, bila kola wala vifungo. Daktari alikiangalia kidole kila upande. Akasema hakuna uzi uliobaki, na ngozi haikukatika. Akasema kiachwe wazi, wasikifunge kitu. Jioni kidole kilikuwa kimeanza kurudia rangi yake.

Kesho yake Mama Chanjo alipita kumwona mgonjwa. Alimkuta Fundi amekaa sebuleni, suti ameipakata.

"Ninataka kuichoma moto," alisema Fundi.

"Suti ina kosa gani? Usiichome, igeuze nje ndani."

Fundi akaigeuza. Ndani kulikuwa na mishono minene, imesimama kama matuta ya shamba. Ncha za nyuzi zilining'inia kila kona.

"Fundi mzuri wewe," alisema Mama Chanjo, "lakini umeshona upande wa majirani. Wao ndio wanaoona nje. Mwanao anaishi huku ndani. Hebu sugua mshono huu kwenye mkono wako, hapa ndani, karibu na kiganja."

Fundi akasugua. Akakunja uso.

"Unakwaruza."

"Unakukwaruza wewe, mwenye ngozi ya miaka yote hiyo. Yeye je?"

Fundi akausugua tena mshono ule. Halafu akaiweka suti kando, akauvuta utepe wake kutoka shingoni.

"Mama, mimi nguo nazijua," alisema. "Mtoto ndiye simjui. Niambie mtoto anataka nini, nguo niachie mimi."

Mama Chanjo akacheka. "Hapo umesema. Anataka pamba laini inayopitisha hewa na kunyonya jasho. Anataka shingo pana, kwa sababu kichwa chake ni kikubwa kuliko unavyofikiri."

"Na ifunguke mbele," alidakia mama Bosi. "Usiku namvua huku nasinzia. Vifungo vile ni adhabu."

"Vifungo vidogo ni hatari pia," alisema Mama Chanjo. " Kikichomoka, kinaingia mdomoni. Pini usiweke kabisa. Na kamba yoyote isikae karibu na shingo."

"Nikifunga ubavuni, kwa kamba fupi?" aliuliza Fundi.

"Fupi sana, na uzishone zisichomoke. Ncha za nyuzi zote ukate. Na ninyi akina mama," alimgeukia mama Bosi, "kila mnapomvua, pitisheni macho kwenye vidole vyote, vya mikono na vya miguu. Si uzi peke yake. Hata unywele unabana vilevile. Baada ya kuzaa, nywele za mama hukatika sana, zikaingia kwenye soksi."

Mama Bosi alishika kichwa chake. "Na mimi nasuka watu humu humu!"

"Basi mtoto asikae hapo unaposuka. Na ujikung'ute kabla ya kumbeba."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Aliliweka chini, akaliinua tena. Mwishowe akauliza, "Na mimi? Nimekosea wapi?"

Mama Chanjo alimpokea beseni, akanusa. Akapiga chafya.

"Unafua vizuri, nguo zinang'aa. Ila harufu hii ni ya nani? Wewe ndiye unayeipenda. Pua ya mtoto inataka harufu ya mama yake. Tumia sabuni ya kawaida isiyo na manukato, na kidogo tu. Halafu suuza, umwage, usuuze tena, mpaka maji yabaki kama ulivyoyachota. Sabuni ikibaki kwenye nguo, jasho likiingia, ndiyo vipele hivyo."

"Nguo mpya je? Si safi?"

"Si safi. Imeshikwa na watu wengi, ina dawa za kiwandani. Ifuliwe kabla ya kuvaliwa, mpya au ya kurithi. Ikauke kabisa juani. Na upige pasi pande zote mbili, maana kuna sehemu wadudu hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa."

"Na vile vidonge vya nondo?" aliuliza Fundi.

Sura ya Mama Chanjo ikawa kali. "Hivyo visikae karibu na nguo za mtoto, wala shuka lake. Harufu yake ni sumu. Wapo watoto ambao damu yao haiistahimili. Wanageuka manjano, wanaugua vibaya. Weka nguo safi, kavu, kwenye mfuko safi. Inatosha."

Shangazi akavuta pumzi ndefu. Lakini jambo lake kubwa lilikuwa bado.

"Na baridi, mama? Atavaa nguo moja tu kama bondia?"

Wote wakacheka, hata yeye.

"Mvalishe kama unavyovaa wewe ukajisikia vizuri," alisema Mama Chanjo. "Kukiwa na baridi, muongezee nguo moja nyepesi. Usiangalie mikono, mikono ya mtoto mchanga hupoa haraka. Gusa hapa, nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, punguza. Pakiwa baridi, ongeza. Na akilala ndani ya nyumba, mvue kofia. Joto la mtoto hutokea kichwani. Ukimfunika, umefunika bomba la moshi."

Siku hiyohiyo Fundi alianza kazi. Alichagua pamba nyeupe laini, akaifua kwanza mwenyewe, akaianika, akaipiga pasi. Akakata kishati cha kupishana kifuani, cha kufungwa ubavuni. Mishono akaiweka nje, akailaza. Akampelekea mkewe, kifua mbele.

Mkewe alikipitisha shavuni. Akakitazama. Akakirudisha.

"Shavuni kizuri. Lakini mkono wake utapitaje hapa? Hili tundu ni la kidole."

"Nimepima!"

"Umepima akiwa amelala. Akiamka anakunja ngumi. Rudisha kiwandani."

Fundi alirudi kwenye cherehani ananung'unika. Akapanua makwapa. Cha pili kikarudishwa pia, kwa sababu kamba zilikuwa ndefu. Cha tatu mkewe hakukirudisha. Alimvalisha tu Bosi, akafunga, akamlaza. Bosi alijinyoosha, akapiga miayo, akalala mikono imeachwa wazi pande zote kama mtu aliyemaliza kazi ya siku nzima.

Fundi alisimama pale akimtazama. Aliwahi kusifiwa na maharusi, lakini hakuna aliyewahi kumsifu namna ile.

Akashona vingine vya kubadilishia, si vingi, na vikubwa kidogo, kwa sababu Bosi alikuwa anakua. Shangazi akawa bingwa wa kusuuza. Alisuuza mpaka majirani wakamuuliza kama anatafuta samaki. Vipele vya shingoni vikanyauka, ngozi ikarudi laini. Kidole kikapona, hakikuacha alama. Usiku watu wa nyumba ile walianza tena kuota ndoto.

Siku ya kupima uzito ilipofika, Fundi alifunga duka, akamsindikiza mkewe zahanati. Ukumbi ulikuwa umejaa akina mama. Kila aliyekaribia mzani alitakiwa kumvua mtoto. Mama Bosi alivuta kamba mbili, kishati kikafunguka, Bosi akawa mzanini kabla hajajua kumetokea nini. Mshale ulisogea mbele kuliko mara iliyopita. Mama Chanjo aliandika, akatabasamu.

Mara wakasikia mtoto analia kwa sauti ya kuzibwa. Kwenye benchi la mbele mama mmoja kijana alikuwa anamvua binti yake gauni zuri la lesi. Shingo ya gauni ilikuwa nyembamba. Mikono ya mtoto ilikuwa imetoka, kichwa kimekwama ndani.

"Vuta juu!" alisema mmoja.

"Usivute, utamng'oa masikio!" alisema mwingine.

Yule mama alikuwa anavuta na kulia kwa pamoja. Fundi akapiga hatua mbili, akapiga magoti mbele yake.

"Dada, acha kuvuta. Naomba nishike gauni hapa begani."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi cherehani."

"Basi msaidie! Msaidie!"

Fundi aliingiza vidole viwili ndani ya gauni, kati ya kitambaa na ngozi ya mtoto, ili asikwaruzwe. Kwa mkono mwingine akatoa mfukoni chuma kidogo cha kufumulia mishono. Mikono yake ilikuwa imetulia. Akauona mshono wa bega, akauchokoa, ukaachia. Akauchokoa mbele kidogo, ukaachia tena.

"Gauni lisikutie huzuni," alisema huku anafumua. "Uje nalo dukani, nitalifungua bega lote na kulitengeneza. Utamvalisha bila vita."

Mshono wa mwisho ukaachia. Kipaji cha uso kikatokeza, kisha macho, kisha pua, kisha mdomo uliokuwa wazi tayari kwa kilio kingine. Mtoto akautazama mwanga. Akawatazama watu wote waliokuwa wanamtazama. Akasahau kulia.

Mama yake alimkumbatia, machozi na kicheko vikamjia kwa wakati mmoja.

Kutoka benchi la nyuma sauti ya mwanamke ikasema, "Hongera, mama. Umejifungua tena."